Bei Tuliyokubaliana Tibirinzi

Kikao kilikuwa Tibirinzi, kwenye baraza ya nyumba ya mmoja wetu, baada ya sala ya Isha. Tulikuwa watu 11, wanaume 9 na wanawake 2, sote wanunuzi wa ndizi na machungwa tunaopeleka mzigo Unguja. Ilipikwa kahawa. Mwenzetu mwenye gari alikuja na hesabu zake kwenye simu, na mimi nilichaguliwa katibu kwa sababu moja tu, kwamba maandishi yangu husomeka.

Mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Tulikubaliana tusiwe tena na gari nne zinazokwenda Mkoani nusu tupu, bali tukodi moja ijae. Tukakubaliana tuchange turubai na nguzo, tupate kivuli cha kuwekea mikungu wakati wa kungoja meli, maana ndizi ikipigwa na jua la saa sita huanza kuiva kabla haijavuka bahari. Tukakubaliana wachukuzi tuwalipe kwa pamoja. Kisha, watu wameshaanza kutafuta viatu vyao, mmoja akasema: "Na bei ya kununulia jamani, si tuweke moja? Tunapandishiana bure." Hakuna aliyebisha. Nikaandika nambari nne: bei ya mkungu iwe moja kwa wote, na atakayezidisha atozwe faini.

Nililala vizuri usiku ule. Tangu nianze biashara hii nimehudhuria warsha zisizopungua tano ambazo tuliambiwa kwamba mfanyabiashara wa Pemba ni dhaifu kwa sababu yuko peke yake, na kwamba uchumi wa kisiwa hautakua mpaka tuungane. Sasa tumeungana, tena bila ya mfadhili na bila ya posho ya kikao.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Vitongoji, na mikungu 7 juu ya gari ya ng'ombe. Namjua tangu utoto wangu. Alikuwa akichuma karafuu pamoja na marehemu baba. Alianza kwa mwenzangu wa mwanzo, akaambiwa bei. Akaenda kwa wa pili, bei ile ile. Wa tatu, ile ile. Alipofika kwangu hakuuliza kitu. Alikaa juu ya gunia, akaomba maji, akanywa, akaniangalia.

"Leo nyote mna mdomo mmoja, mwanangu."

"Ndilo soko, mzee."

"Hilo si soko," akasema, kama mtu anayemsahihisha mtoto jina la kitu.

Aliuza. Ndizi haimsubiri mtu, na kumrudisha ng'ombe na mzigo ule ule mpaka shamba ni hasara juu ya hasara. Kila mkungu nilimlipa pungufu ya wiki iliyotangulia. Akahesabu, akaaga kwa salamu zake zote kama kawaida, akaenda zake. Angenitukana ningelisahau.

Je, tulimdhulumu? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa misimu miwili. Hatukumwibia. Hatukumpunja mizani, maana mkungu haupimwi. Hakuna aliyemshika mkono. Mimi nikiwa peke yangu nina haki ya kumwambia mtu, bei yangu ni hii, ukitaka uza, hutaki chukua mali yako. Mwenzangu naye ana haki hiyo hiyo. Sasa vipi watu 11, kila mmoja anatumia haki yake, wakiikusanya pamoja igeuke kuwa dhuluma? Ipo wapi hasa pale ilipogeuka?

Mpemba hawezi kufikiri juu ya bei bila ya kufikiri juu ya karafuu. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, ya huku ilinusurika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimekuwa zikitoka Pemba. Na tangu hapo swali limekuwa lile lile, nani ananunua, na ana wenzake wangapi.

Mwaka 1927 iliundwa jumuiya ya wakulima wa karafuu. Jina lilikuwa la wakulima, lakini usukani ulikuwa mikononi mwa serikali ya kikoloni. Mwaka 1934 sheria ziliiongezea nguvu, na 1937 ikapewa peke yake haki ya kununua karafuu za kusafirishwa nje. Sababu iliyotolewa haikuwa ya uongo: wakulima walikuwa wamezama kwenye madeni ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, na mashamba yalikuwa yakienda kwa wadai. Wafanyabiashara nao waliona kwamba riziki yao inakatwa kwa kalamu. Wakaungana, wakagoma kununua. Mgomo ukavuka bahari. Chama cha Congress kule India kikauunga mkono, na Vallabhbhai Patel akawa mmoja wa viongozi wake, na India ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa kabisa wa karafuu zetu. Mwezi wa Mei 1938 yakapatikana mapatano, jumuiya ikabaki na wafanyabiashara wakarejea.

Nikiisoma habari hii sijui nimpe nani haki yote. Pande zote mbili zilikuwa na umoja, na kila umoja ulikuwa na sababu ya kuheshimika. Ule wa wafanyabiashara ulikuwa wa kweli zaidi, kwa sababu waliungana wenyewe kwa khiari yao na wakakubali kupata hasara. Lakini kati ya waliokaa kutafuta mapatano, mchumaji aliyepanda mkarafuu na pakacha lake hakuwamo. Jumuiya ilizungumza kwa niaba yake. Wafanyabiashara walizungumza juu yake.

Baada ya Mapinduzi, 1968, lilianzishwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, likawa ndiye mnunuzi pekee. Hapo ndipo kumbukumbu zangu zinapoingia. Nakumbuka majamvi uani, karafuu zinazogeuka kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia, na sisi watoto tumekaa duara usiku tunachambua, karafuu huku, makonyo kule, mpaka vidole vinanuka siku mbili. Baba akipeleka polo zake kituoni hakusema kitu juu ya bei alipokwenda wala aliporudi. Alirudi, akalikunja gunia tupu vizuri, akaliweka juu ya dari. Kwa miaka mingi bei ile ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, na kila mtu alilijua hilo, kwa sababu Kenya iko pale, ukikaa juu ya mashua usiku mmoja umefika. Watu wakavusha. KMKM wakawasaka baharini. Walikuwapo watu wa swala tano waliovusha karafuu wakisema hawavunji amri ya Mungu, na walikuwapo watu wa swala tano waliowakamata wakisema ni wezi wa mali ya taifa. Baba hakuwahi kuvusha, au kama aliwahi hakutwambia.

Kuanzia 2011 Serikali iliipandisha bei sana, ikaahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kwa miaka kadhaa kilo ya daraja la kwanza ilinunuliwa shilingi 14,000. Sheria ya mnunuzi mmoja ilikuwa ile ile. Lakini watu walijenga nyumba, walikwenda Hija, na hamu ya magendo ikapungua. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mdomo mmoja ni dhuluma kwa kuwa ni mmoja tu. Hapo ningekuwa namsingizia mtu.

Nilichokiona ni hiki. Mnunuzi yule mmoja, kwa ubaya wake na uzuri wake, alikuwa anajulikana. Bei yake ilitangazwa redioni. Mwakilishi aliweza kusimama Barazani akaiuliza, mgombea aliweza kuomba kura kwa kuilaumu, na pale kwenye uwanja wa Tibirinzi nimesikia mikutano mizima ya siasa ikiwa juu ya karafuu. Majibu yalichelewa miaka, lakini palikuwapo mahali pa kuuliza. Sisi watu 11 atatuuliza nani? Nani alijua hata kwamba tulikutana? Mzee wa Vitongoji alilazimika kututembelea mmoja mmoja, na ng'ombe wake, ndipo agundue kwamba kumbe sisi ni mtu mmoja.

Wala si kweli kwamba ukiwaweka wengi ndani ya jina zuri mambo hunyooka. Indonesia, ambao kwa muda mrefu walikuwa wateja wetu kwa ajili ya sigara zao za karafuu kabla hawajajitosheleza wenyewe, walianzisha bodi ya karafuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndani yake walikuwamo vyama vya ushirika, shirika la serikali, na kampuni binafsi ya mtoto wa Rais Suharto. Ukiisoma kwenye karatasi utaipenda: ushirika, serikali na sekta binafsi, bega kwa bega, kwa ajili ya kumwinua mkulima. Ilipofika 1998 ikavunjwa, na wakulima wengi walikuwa wameshaitelekeza mikarafuu yao au kuikata.

Nilimwendea maalim mmoja jirani yetu, nikamweleza bila ya kumtajia majina. Nilitaraji atanisomea aya za wanaopunja vipimo, nami nilikuwa na jibu langu tayari. Hakwenda huko. Alinikumbusha kwanza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoombwa aweke bei wakati vitu vimepanda, alikataa. Nikafurahi, nikasema, basi bei ni jambo la watu wenyewe. Akasema subiri. Akanikumbusha makatazo ya kwenda kuwapokea wenye mali njiani kabla hawajafika sokoni, na sababu yake, kwamba mtu asiyejua hali ya soko asinunuliwe akiwa gizani. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Abu Hanifa na wanafunzi wake waliwakataza wale waliokuwa wakilipwa kwa kazi ya kugawa mali, kama mirathi na mashamba, wasifanye ushirika, kwa sababu watu wanawahitaji, na wakishirikiana watapandisha ujira. Na Ibn Taymiyya aliandika kwamba watu wakikubaliana namna hiyo katika kununua au kuuza, hapo ndipo mtawala anapopaswa kuingilia bei, ingawa asili yake haingiliwi.

"Sisi ni Mashafi, na hao ni Hanafi na Hanbali," akasema akicheka, "lakini hili nadhani hutaliletea hoja ya madhehebu."

Wagawaji wa mirathi. Nililifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Ushirika ndio kitu tunachosifiwa nacho Zanzibar tangu skuli, na hapa kuna mtu wa karne ya pili ya Hijra anawakataza watu wa kazi moja wasishirikiane, kwa kuwa upande wa pili hauna pa kwenda. Adam Smith aliandika jambo la karibu na hilo mwaka 1776, kwamba ni nadra watu wa biashara moja kukutana, hata kwa kufurahi tu, bila ya mazungumzo yao kuishia kwenye hila dhidi ya umma au njia ya kupandisha bei. Yeye nilimdhania kuwa ndiye bingwa wa wafanyabiashara.

Sasa nitoe haki kwa wenzangu, kwa sababu hoja yao si nyepesi. Nilipomweleza mwenye gari wasiwasi wangu aliniuliza swali moja: "Na dalali wa Unguja je?" Mzigo wetu ukifika unauzwa kwa mnada, na madalali wale wanajuana kama vidole vya mkono. Siku wakiamua ndizi ya Pemba leo haina bei, haina bei, na wewe umekaa huku ng'ambo na simu yako. "Sisi tukipandishiana huku, wao wakatushusha kule, mwakani hatupo," akasema. "Halafu huyo mzee wako atamuuzia nani?" Na kweli, kabla ya kikao kile wenzetu wawili walishafilisika kwa kushindania mzigo. Mmoja aliuza mpaka friji ya mkewe.

Na mimi nikawa najitafutia njia ya kutenganisha. Nikasema, nambari moja mpaka tatu ni safi, gari, turubai na wachukuzi. Uchafu uko nambari nne peke yake. Hapo hakuna aliyeumia, hapa yupo aliyeumia. Lakini hata hilo si sahihi. Tulipoacha gari nne tukakodi moja, madereva watatu walikosa kazi, na mmoja wao ni shemeji yangu, anayenisalimia siku hizi kwa ufupi. Kila mkipanga jambo lenu, yupo asiyekuwapo ambaye litamfika. Ukisema usifanye lolote mpaka pasiwe na wa kuumia, utabaki na gari nne nusu tupu mpaka Kiyama.

Tofauti ninayoiona ni ndogo kuliko nilivyotaka, lakini siwezi kuiondoa. Faida ya gari moja na turubai imetoka kwenye ndizi iliyokuwa ikioza. Ilikuwa haiko kwa mtu, sasa ipo. Faida ya nambari nne haikutoka popote ila mfukoni mwa mzee, na aliitoa kwa sababu tulimfungia milango yote. Na hapa ndipo neno "kukuza uchumi" linaponisumbua. Mzee naye ni Pemba. Pesa iliyokuwa ikienda Vitongoji imebaki Chake Chake; mikungu iliyopita Mkoani ni ile ile. Lakini nikienda warsha ya sita nikasimama nikaeleza tulivyoungana, faida ikapanda, nitapigiwa makofi, na hakuna atakayeuliza imepanda kutoka wapi.

Kabla sijasema lolote kikaoni nilifanya jambo ninaloliona sasa kuwa baya kuliko nambari nne yenyewe. Mzee alipokuja tena nilimlipa bei ya umoja mbele ya watu, kisha nikamfuata nyuma ya gari, nikamtia noti mkononi, nikamwambia, asimwambie mtu.

Aliifungua, akaitazama. "Hii ya nini?"

"Ya ziada, mzee."

"Kama ni bei, waambie na wenzako. Kama ni sadaka, mimi ninaye jirani mwenye haja zaidi." Akanirudishia.

Nilisimama pale na noti yangu. Nilikuwa nimeichukua haki yake nikataka kumrudishia kwa jina la wema wangu, tena kwa siri, ili nipate dua kwake na nisipate faini kwa wenzangu.

Kikao kilichofuata nikaomba tusome muhtasari upya. Nikasema: nambari moja, mbili na tatu naweza kuzisoma mbele ya mkulima yeyote, na hata mbele ya shemeji yangu naweza kuzisoma, nikaona haya lakini nikaeleza. Nambari nne siwezi. Basi ama tuifute, ama tuwaite wakulima waje wakae, bei izungumzwe nao wakiwapo. Palikuwa na ukimya, halafu kelele. Mmoja akasema nikiwaita watapandisha. Nikasema ndiyo, na sisi tutashusha, ndiyo mazungumzo hayo. Nilitegemea mmoja wa wale wanawake wawili ataniunga mkono, kwa sababu alikuwa mkulima wa mwani miaka mingi kabla ya kuingia kwenye ndizi. Alisema: "Nilipokuwa nauza mwani wanunuzi wote walikuwa na bei moja, na mimi hakuna aliyenialika kikaoni. Nimekaa kwenye maji ya chumvi mpaka miguu ikachubuka. Leo nimepata kukaa upande huu, katibu unataka nihame?" Watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, wala kumjibu.

Mwisho tulipiga kura, 6 kwa 5, nambari nne ifutwe. Nikaipiga mstari. Lakini haikufutika, ilitoka kwenye daftari ikahamia mdomoni. Hakuna faini, hakuna maandishi, na kwa wiki nzima iliyofuata bei ilikuwa moja kwa watu 8 kati ya 11. Nilipokuwa naiandika angalau ilikuwa na mahali pa kushikwa.

Sijajitoa. Nilifikiri kujitoa, nikaona nitakuwa nimesafisha mikono yangu tu, na gari moja ni jambo jema ambalo nalihitaji. Nalipa bei ninayoiweza, hadharani, na wenzangu wawili wanafanya hivyo, na waliobaki wanatutazama vibaya bila ya kusema.

Wiki iliyopita mzee hakuja. Nikasikia kwamba yeye na majirani zake kadhaa wamekubaliana wasiuze mkungu chini ya bei fulani, na kwamba wanaulizia bei ya kukodi gari mpaka Mkoani. Barazani Tibirinzi habari hizo zilipokelewa vibaya. Mwenye gari alisema wametufanyia njama. Nilimuuliza kama gari yao hawezi kuwakodisha yeye. Akanyamaza, nikaona anapiga hesabu.

Kikao kingine ni Jumamosi. Nimempelekea mzee ujumbe kwamba aje, yeye au yeyote watakayemchagua. Aliyepeleka amerudi akaniambia mzee aliuliza tu kikao ni saa ngapi.